Herufi E kwenye kioo cha kabiriti: intaneti ya simu za mwanzo ilifanyaje kazi

Jumamosi moja, kwenye klabu yetu ya akiba hapa Busia, upande wa Uganda, mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, wa Majanji aliweka simu yake mezani, akaisogeza kwangu kwa kidole kama anayerudisha noti bandia. "Fundi, hii E hapa juu ni ya nini? Ikitokea tu, salio langu linakwenda."

Kabla sijafungua mdomo, mzee wa pembeni alishajibu. E, alisema, ni ishara kwamba simu inaishiwa, kama ile E ya kwenye geji ya mafuta. Kijana wa bodaboda akamuunga mkono: kwenye pikipiki yake ndivyo ilivyo. Mwingine akasema la, hiyo ni alama kwamba kuna mtu anasikiliza maongezi. Dakika kumi baadaye klabu nzima ilikuwa imegawanyika, na daftari la akiba halijafunguliwa. Mwenyekiti akanikata: wiki ijayo njoo na jibu, tena ulilete kwa maneno ya watu.

Basi nilikwenda na droo yangu ya simu kuukuu, zile za vitufe tunazoziita kabiriti kwa kuwa zinakaa kiganjani kama kibiriti. Nilizichagua makusudi. Simu janja hufanya mambo yake kimyakimya. Kabiriti, kwa vile kichwa chake ni kizito, hukuonyesha kila hatua: inauliza kama iunganishwe, inangoja, inahesabu. Aliyeielewa intaneti ya kabiriti hababaishwi na ya simu janja.

Mzigo na mwendo

Tuanze na maneno yenyewe. Intaneti haimo ndani ya simu. Ni kompyuta za dunia nzima zilizounganishwa zikaweza kupelekeana habari. Simu yako ni mteja aliyesimama dirishani: inaomba ukurasa, kompyuta fulani huko mbali inautuma, kioo kinauonyesha. Data ni ule mzigo unaosafiri kati yao, kwenda na kurudi. Kurudi kunajulikana, kwenda watu husahau, ilhali hata ombi lenyewe ni mzigo, na hulipiwa.

Mzigo hupimwa kwa baiti. Herufi moja ya kawaida ni kama baiti moja. Ujumbe wa SMS uliojaa, ule wa herufi 160, huwa na baiti 140 kwa sababu herufi zake hubanwa kidogo. Baiti 1,024 ni kilobaiti, kilobaiti 1,024 ni megabaiti, hiyo MB tunayonunua kila siku. Pale klabuni tulipiga hesabu kwenye karatasi: MB 1 ni sawa na SMS zaidi ya 7,000. Picha ya MB 3 kutoka kwenye kamera ya simu ya leo ni zaidi ya SMS 22,000. Mama wa mukene aliguna. Hajawahi kutuma SMS 22,000 tangu azaliwe, lakini picha ya harusi ya mpwa wake aliipokea kwa sekunde chache.

Mwendo ni jambo lingine. Huo hupimwa kwa biti kwa sekunde, na biti 8 ndizo hufanya baiti 1. Kampuni hutangaza mwendo kwa biti na kuuza mzigo kwa baiti, kama mtu anayekupimia barabara kwa maili na mafuta kwa lita. Ukiona kasi imeandikwa, gawanya kwa 8 kwanza ndipo ushangilie.

Speshali inayokusubiri

Simu za mkononi zilifika Uganda mwaka 1995 na Celtel, MTN ikafuata mwaka 1998. Wakati huo simu ilikuwa ya kuongea tu. Lakini huko ng'ambo, mwaka 1997, Ericsson, Motorola, Nokia na kampuni ya Marekani iliyoitwa Unwired Planet walikuwa wamekaa pamoja kutafuta njia ya kuipa simu ukurasa wa intaneti. Walichokubaliana kikaitwa WAP. Mwaka 1999 Nokia wakatoa 7110, simu inayotajwa kuwa ya kwanza sokoni kuja na WAP ndani yake.

Tatizo lao lilikuwa rahisi kulieleza. Ukurasa wa kawaida ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya kompyuta yenye kioo kikubwa. Simu ilikuwa na kioo cha mistari michache, bila rangi. Wakabuni lugha nyepesi, na humo ukurasa mmoja uliitwa karata, na fungu la karata likatumwa kwa mpigo mmoja, kama pakiti ya karata za matatu (mchezo, si gari). Unabonyeza, simu inafunua karata inayofuata bila kurudi sokoni. Pakiti nzima kwenye 7110 haikuweza kuzidi karibu kilobaiti 1.4. Hizo ni SMS 10. Picha zilikuwa vidoti vyeusi, na habari za dunia ziliingia kwenye nafasi ya barua ya mapenzi ya mwanafunzi.

Kati ya simu na intaneti alisimama mkalimani, kompyuta ya kampuni ya simu iliyogeuza lugha ya intaneti kuwa ya karata. Kama mwenye tovuti hakuandika karata zozote, hukuona kitu. Kwa hiyo intaneti ya WAP ilikuwa kama soko lenye vibanda mia, katika mji wenye maduka elfu kwa maelfu.

Hilo lingevumilika. Lililouma ni nauli. WAP ya mwanzo ilipanda juu ya simu ya kawaida: kifaa chako kilipiga namba, kikapokelewa na kompyuta, laini ikabaki wazi mpaka ukate. Kwa hapa kwetu ni sawa na kukodi speshali. Gari ni lako peke yako. Ukiingia dukani, linakungoja. Ukisimama kusalimiana na shemeji, linakungoja, na dereva anahesabu. Ndivyo dakika zilivyohesabiwa wakati wewe unasoma mstari uliokwisha kufika zamani. Na gari lenyewe lilikuwa la polepole, kilobiti 9.6 kwa sekunde, yaani kilobaiti 1.2. Huko Ulaya wenye mzaha walisema kirefu cha WAP ni "subiri, kisha ulipe". Wajapani walikuwa wameshatafuta dawa: huduma yao ya i-mode, iliyoanza Februari 1999, ilitoza kwa mzigo na si kwa dakika.

Kamunye

Dawa ya kina sisi ilikuwa GPRS, na hapa ndipo herufi za juu ya kioo zinapoanzia.

Badala ya kukodi gari zima, mzigo wako hukatwa vipande vidogo, pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani yake. Vinapanda kamunye, yaani gari la abiria la kuchangia, pamoja na vya watu wengine, vinashuka, vinaungwa upya. Ukinyamaza kusoma, hakuna kipande chako barabarani, na nafasi inachukuliwa na mwingine. Hulipii kungoja. Unalipia viti ulivyokalia.

Mfano huu hauko mbali sana na mnara wenyewe. Kamunye ina viti 14. Wimbi moja la mnara wa GSM, ule mfumo wa simu za wakati huo, hugawanywa katika nafasi 8 za muda, moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo sikio haliwezi kugundua. Maongezi ya mtu mmoja huchukua nafasi moja. GPRS huokota nafasi ambazo waongeaji hawajazikalia, na simu nyingi za wakati ule ziliweza kushika hadi nne za kupokea. Ndiyo maana jioni, mji mzima ukipigiana simu, intaneti ya kabiriti hutambaa: waongeaji wanapewa viti kwanza. Na ndiyo maana ukipigiwa wewe mwenyewe katikati ya kusoma ukurasa, ukurasa unasimama mpaka umalize kuongea. Simu haijaharibika. Nimeletewa simu nyingi kwa "ugonjwa" huo, na nakiri zipo siku nilizifungua kabla sijajua.

G kwenye kioo ni GPRS. E ya mama wa mukene ni EDGE, na huyu ni mdogo wake G. Barabara ni ileile, viti ni vilevile, ila kondakta amepata ujasiri: pale alipokalisha biti moja, EDGE inabananisha tatu. Kila aliyepanda gari siku ya soko anaelewa. Na kama vile askari wa barabarani akionekana mbele abiria wa ziada hushushwa, mawimbi yakiwa hafifu EDGE hupunguza wanaobanana, mwendo unashuka. Halafu ikaja 3G, barabara mpya kabisa, na H, ambayo ni 3G iliyotiwa lami.

Tuupime huo mwendo kwa wimbo wa MB 4. Kwa WAP ya kupiga namba ungekaa karibu saa nzima. Kwa GPRS ya kilobiti 40, hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiipata siku njema, ni karibu dakika 14. EDGE ikikimbia kilobiti 120 inauleta kwa dakika nne na nusu. 3G ya kwanza, ya kilobiti 384, chini ya dakika moja na nusu. Kijana wa bodaboda aliuliza swali zuri kuliko yote siku ile: mbona basi salio linaisha haraka zaidi kwenye 3G, wakati wimbo ni uleule? Wimbo unakula kilekile. Ni wewe unayepakua nyimbo kumi kwa sababu moja haikuchosha kungoja.

Fujo la salio lilianzia hapo hapo, tulipotoka kwenye dakika tukaingia kwenye kilobaiti. Dakika kila mtu anazihisi mwilini. Kilobaiti haisikiki, haionekani, na kurasa mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana uzito mara ishirini.

Ndizi iliyomenywa Mbarara

Kwenye mabenchi ya mafundi miaka ile kazi kubwa ilikuwa "kuweka settings". Simu inahitaji kujua jina la geti la kampuni ambalo data yake itapitia, na bila jina hilo herufi E inaweza kuwaka mchana kutwa na ukurasa usifunguke. Kampuni zilituma mipangilio hiyo kwa ujumbe. Unaupokea, unauhifadhi, unazima na kuwasha. Watu wengi waliufuta wakidhani ni tangazo, wakaja kwangu. Nilitoza shilingi 2,000 kwa kuandika neno moja. Sijutii.

Lakini jambo lililoifanya intaneti ya kabiriti iwe na maana kwa watu wa kawaida ni programu ndogo kutoka Norway, Opera Mini. Ilijaribiwa kwao mwaka 2005, ikafunguliwa kwa dunia Januari 2006.

Fikiria ndizi. Lori linatoka Mbarara limejaa mikungu mpaka juu, linafika Kampala, matoke yanamenywa, na maganda, mashina na majani yanajaa kwenye jaa la taka. Tumelipia mafuta ya kusafirisha takataka. Sasa fikiria mtu wa kumenya akae Mbarara, maganda yabaki kwa mbuzi wa huko, barabarani ije nyama ya ndizi peke yake. Ndivyo Opera Mini ilivyofanya. Simu yako haikuomba ukurasa kwa mwenyewe. Iliomba kwa kompyuta za Opera. Hizo zikauchukua ukurasa mzima, zikaondoa yasiyoonekana kwenye kioo kidogo, zikazikandamiza picha, zikakutumia kilichobaki. Mzigo uliweza kupungua kwa hadi asilimia 90: ukurasa wa kilobaiti 300 ukaja na 30. Tofauti na WAP, mwenye tovuti hakutakiwa kuandika karata zozote. Mji mzima ukafunguka.

Ilikuwa na bei yake, nayo si ya shilingi. Anayemenya ndizi zako anaziona. Kwa namna ile ya kazi, hata ukurasa uliofungwa kwa siri ulifunguliwa kwanza kwenye kompyuta ya katikati ndipo ukabanwa. Kusoma matokeo ya mpira, sawa. Kuingilia akaunti ya benki, nilikuwa nikiwakataza wateja wangu, na bado nakataza.

Kitu kingine cha Opera Mini ninachokikumbuka kwa mapenzi ni ukurasa wa matumizi: kilobaiti ulizopokea na kutuma, zimeandikwa wazi. Walimu wa sekondari walikuwa wakiutazama kama wanavyotazama mita ya umeme.

Usidhani polepole yote ilitoka kwenye simu, lakini. Kabla ya 2009 sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya vichwa. Ombi linapanda, linashuka, jibu nalo linapanda na kushuka: nusu sekunde imekwisha kabla hata kazi haijaanza, tena kwa bei ghali. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Mombasa, zikafuata nyingine, na njia ya nchi kavu ikaja mpaka kwetu kupitia mpaka wa mashariki. Si malori peke yake yanayotufikia kutoka Mombasa.

Yale yanayosemwa

"Kama sina data siwezi kutuma pesa." Hili lilisemwa na mtu mwenye kabiriti mfukoni ambayo hutuma pesa kila wiki. Ile huduma ya kuanza na nyota na kuishia na reli, kama *165# au *185#, haipiti kwenye intaneti. Hutumia njia ya mawasiliano ya ndani kati ya simu na mnara, ndugu wa ile inayobeba SMS. Ndiyo maana MobileMoney ilipoanza hapa mwaka 2009 ilifanya kazi kwenye simu isiyojua hata neno WAP. Haihitaji G, E wala H.

"Kampuni ilinifungia WhatsApp kwenye Nokia yangu." Hapana. WhatsApp wenyewe waliacha kuzihudumia Nokia za mfumo wa S40 tarehe 31 Desemba 2018. Na ukiona kabiriti ya zamani inakataa tovuti karibu zote leo, usikimbilie kulaumu mtandao. Tovuti za sasa hufunga milango kwa kufuli za kisasa, na simu ya mwaka 2006 haina funguo hizo.

"Intaneti ni Facebook." Ile kodi ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliwatia watu wengi kwenye imani hii, maana kwa asiyelipa iliyofungwa ilikuwa mitandao ya kijamii na watu wakasema intaneti imezimwa. Tovuti nyingine zilikuwa wazi muda wote. Tangu Julai 2021 OTT haipo. Kodi ya asilimia 12 imehamia kwenye data yenyewe, kwa hiyo sasa unailipa hata ukisoma Biblia au Kurani mtandaoni.

Kuhusu kuliwa MB usiku, yule anayelalamikia simu janja yuko sahihi nusu. Zinaliwa kweli, ila mlaji ni programu zake mwenyewe zinazojisasisha na kuhifadhi picha. Kabiriti haina tabia hiyo. Usipoifungulia ukurasa, inakaa.

Sasa, hapo ndipo kesi ya mama wa mukene ilipokuwa ngumu. Simu yake ni kabiriti. Haitumii intaneti, anaapa. E inawaka yenyewe, salio linakwenda.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa mpaka. Anayeishi Busia anajua kuketi Uganda huku simu ikikukaribisha Kenya. Mnara wa ng'ambo ukiwa na nguvu zaidi, simu inauhamia. Kwa maongezi, Celtel ilianza kuulegeza ukuta huo mwaka 2006 kwa mpango wake wa mtandao mmoja kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Data ni habari nyingine: bando ulilonunua upande huu mara nyingi halihesabiki upande ule, na unatozwa kwa bei ya nje ya bando. Anayekaa karibu na geti la forodha aichague kampuni yake kwa mkono kwenye mipangilio, asiiachie simu ichague. Lakini ya mama ilikuwa kwenye mnara wa Uganda, nami niliitazama robo saa nzima.

Nikaingia kwenye kumbukumbu za simu, mahali ambapo kabiriti huandika data iliyotumwa na iliyopokewa. Palikuwa na kilobaiti mia kadhaa zilizopokewa. Kwa mtu asiyetumia intaneti.

"Mama, simu huwa unaiweka wapi ukiwa sokoni?"

Akaonyesha mshipi wa gauni lake la gomesi, kiunoni, chini ya fundo. Anainamia beseni la mukene, ananyanyuka, anainama tena. Nikaichukua simu, nikakibonyeza kitufe cha 0, nikakishikilia. Kioo kikafikiri kidogo. Kisha E ikatokea juu, na chini yake ukurasa wa kampuni ukaanza kufunguka, picha kwa picha, bila bando, kwa salio la mukene wa siku ile. Kushikilia 0 ni njia ya mkato ya kuingia intaneti kwenye Nokia nyingi za aina hiyo. Kiuno chake kilikuwa kikiperuzi tangu asubuhi.

Nikamwonyesha jinsi ya kufunga vitufe, kisha nikafuta jina la geti kwenye mipangilio kwa ridhaa yake. Mzee wa geji ya mafuta alisogea akaitazama, akasema kwamba hata yeye hakukosea sana: E ilipowaka, kitu kilikuwa kinaisha.